Chekeche la Fedha: Hisabati ya Kuzitambua Fedha Haramu Katika Mabenki

Kati ya mwaka 2006 na 2010, katika baadhi ya matawi ya benki nchini Meksiko, wafanyabiashara wa madawa ya kulevya walikuwa wakileta dola taslimu ndani ya masanduku. Masanduku hayo yalitengenezwa kwa kipimo cha dirisha la mpokea fedha, ili yapite bila kukwama. Kwa siku moja, mamia ya maelfu ya dola yaliweza kuingizwa katika akaunti moja tu. Fundi alikuwa amelipima dirisha la benki; benki haikuwa imempima mteja wake.

Benki hiyo ilikuwa kampuni tanzu ya HSBC, mojawapo ya mabenki makubwa kabisa duniani. Mwezi Desemba 2012, HSBC ilikiri makosa yake mbele ya serikali ya Marekani, ikakubali kutoa jumla ya dola bilioni 1.9 hivi, sehemu ikiwa mali iliyotwaliwa na sehemu ikiwa faini. Uchunguzi ulionyesha kwamba fedha za madawa zisizopungua dola milioni 881 zilikuwa zimepitia humo. Ulionyesha pia kwamba benki ya HSBC iliyoko Marekani ilikuwa imeiweka Meksiko katika daraja la chini kabisa la hatari, na kwa ajili hiyo fedha zilizotumwa kutoka benki ile ya Meksiko, zaidi ya dola bilioni 670, hazikuchunguzwa ipasavyo.

Kompyuta zilikuwapo. Wanasheria walikuwapo. Sheria yenyewe ilikuwapo tangu mwaka 1970, Marekani ilipoyataka mabenki yake kutoa taarifa za fedha taslimu zinazozidi dola 10,000. Ni kitu gani basi kilichokosekana? Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo. Jibu lake si la wanasheria peke yao. Sehemu yake kubwa ni hisabati, tena hisabati ambayo mwanafunzi wa kidato cha tatu anaimudu.

Maana ya kutakatisha fedha

Tuchukue mfano wa mtu aliyeuza meno ya tembo kwa magendo akapata shilingi milioni 500. Fedha hizo ni mzigo kwake kabla hazijawa utajiri. Akinunua nyumba, jirani watauliza. Akizipeleka benki zote kwa pamoja, karani atauliza. Hana budi azitafutie asili nyingine, yaani hadithi ya uongo itakayokubalika. Kazi hiyo ndiyo iitwayo utakatishaji wa fedha haramu, na kwa kawaida wataalamu huigawa katika hatua tatu.

Hatua ya kwanza ni kuziingiza fedha katika mfumo wa benki. Mara nyingi hugawanywa katika mafungu madogo, kila fungu likiwa chini ya kile kiwango ambacho sheria inataka kitolewe taarifa. Hatua ya pili ni kuzitatanisha: zinahamishwa kutoka akaunti hadi akaunti, kutoka kampuni hadi kampuni, na kutoka nchi hadi nchi, mpaka nyayo zake zifutike. Hatua ya tatu ni kuzirudisha kwa mwenyewe zikiwa zimevaa nguo mpya, kama faida ya duka, mkopo kutoka kwa kampuni ya nje, au kodi ya majumba.

Ukubwa wa jambo hili hauna kipimo kamili, kwa sababu wenye siri hawajazi fomu. Hata hivyo, ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia madawa ya kulevya na uhalifu ilitoa makisio mwaka 2011 kwamba, katika mwaka 2009, fedha zilizotakatishwa duniani zilifikia dola trilioni 1.6 hivi, yaani asilimia 2.7 ya pato la dunia nzima. Fedha zilizokamatwa zilikisiwa kuwa chini ya asilimia 1 ya hizo. Kwa maneno mengine, katika kila shilingi 100 haramu, zaidi ya 99 zilifika salama.

Nguzo za ulinzi

Mwaka 1989, mataifa saba yenye viwanda vikubwa yalikutana Paris na kuunda kikosi kazi cha kimataifa cha kupambana na fedha haramu, kijulikanacho kwa kifupi kama FATF. Mwaka uliofuata kikosi hicho kilitoa mapendekezo 40, ambayo yamerekebishwa mara kadhaa tangu wakati huo. Afrika ya Mashariki na Kusini iliunda kundi lake la namna hiyo mjini Arusha mwaka 1999, na makao yake yako Dar es Salaam. Tanzania ilitunga sheria yake mwaka 2006.

Pamoja na tofauti za nchi na nchi, mpango wa benki wa kujikinga na fedha haramu husimama juu ya nguzo zile zile. Ya kwanza ni kumjua mteja: ni nani, anafanya kazi gani, na kama ni kampuni, ni nani hasa anayefaidi, yaani mmiliki manufaa. Ya pili ni kuwapanga wateja kwa madaraja ya hatari, kwa maana mwalimu anayepokea mshahara kila mwisho wa mwezi hahitaji uangalizi sawa na kampuni ya dhahabu inayolipwa kutoka visiwa vya mbali. Ya tatu ni kuichunguza miamala kila siku, na ile inayotia shaka kuitolea taarifa serikalini. Ya nne ni kuwafundisha wafanyakazi na kumteua afisa mwenye madaraka ya kweli ya kulisimamia jambo hilo. Ya tano ni ukaguzi huru, yaani kuwa na mtu wa kuwakagua wakaguzi.

Msomaji ataona kwamba HSBC iliangukia nguzo ya pili. Daraja la hatari lilipokosewa, nguzo ya tatu haikuwa na kazi ya kufanya, kwani chekeche haliwezi kuchekecha unga usiomiminwa ndani yake.

Hesabu ya chekeche

Sasa tuje kwenye hisabati. Tuchukulie benki yenye miamala 1,000,000 kwa siku, na kwamba ndani yake imo miamala 100 iliyo haramu. Benki hiyo ina programu ya kompyuta iliyo hodari: katika kila miamala 100 iliyo haramu inaitambua 95, na katika kila miamala 100 iliyo halali inaishuku kwa makosa 1 tu. Tarakimu hizi ni za mfano, lakini mfano unatosha kuonyesha jambo lenyewe. Je, kompyuta ikipiga kengele, kuna uwezekano gani kwamba muamala huo ni haramu kweli?

Wengi watajibu: asilimia 95. Tuhesabu. Miamala haramu itakayotambuliwa ni 95. Miamala halali ni 999,900, na asilimia 1 yake ni 9,999. Kengele zote kwa jumla ni 95 kujumlisha 9,999, yaani 10,094. Gawanya 95 kwa 10,094, na jibu ni asilimia 0.94. Katika kila kengele 100, hata moja kamili haifiki. 99 na zaidi ni za watu wasio na hatia.

Hali hii haitokani na ubaya wa kompyuta. Inatokana na uchache wa kitu kinachotafutwa. Madaktari wanaifahamu vema: ukiwapima watu wote kwa ugonjwa ulio nadra sana, wengi watakaoonekana wagonjwa watakuwa wazima. Mwalimu wa hisabati atatambua kwamba hii ni kanuni ya uwezekano wenye masharti, iliyoandikwa na kasisi wa Kiingereza Thomas Bayes na kuchapishwa mwaka 1763 baada ya kifo chake.

Hebu tuone matokeo yake kwa utendaji. Ikiwa mkaguzi mmoja anaweza kuchunguza kengele 20 kwa siku, benki yetu itahitaji wakaguzi zaidi ya 500 kila siku ya Mungu. Benki nyingi hazitaki gharama hiyo. Wakaguzi wanakuwa wachache, kengele zinarundikana, na mkaguzi aliyekwisha kufungua majalada 99 yasiyo na kitu hulifungua la 100 akiwa amekwisha kuamua kwamba nalo halina kitu. Lile la 100 huenda ndilo lenyewe.

Kuliimarisha chekeche

Mtu anaweza kusema: tuiongezee kompyuta makali. Lakini makali ya upande gani? Tukiifanya itambue miamala haramu 99 badala ya 95, na makosa yakabaki asilimia 1, kengele zitakuwa 10,098, na za kweli bado hazitafika asilimia 1. Faida ni ndogo. Tukiacha utambuzi ule ule wa 95, lakini tukapunguza makosa kutoka asilimia 1 hadi asilimia 0.1, kengele za uongo zitakuwa kama 1,000, na kengele za kweli zitakaribia asilimia 9 ya zote. Hapo mkaguzi anapata nafuu ya mara kumi. Hivyo, pale kitu kinapokuwa nadra, kupunguza shutuma za bure kuna faida kubwa kuliko kuongeza ukali.

Njia nyingine ni kutumia chekeche la pili juu ya lile la kwanza. Tuseme chekeche la pili linatambua asilimia 90 ya miamala haramu iliyofika kwake, na linakosea kwa asilimia 2 ya ile halali. Katika ile 95 zitabaki kama 86. Katika ile 9,999 zitabaki kama 200. Jumla ni 286, na karibu asilimia 30 ya hizo ni za kweli. Wakaguzi 500 wamekuwa 15. Kweli tumepoteza miamala haramu 9 zaidi njiani, na hiyo ni gharama ya kukubaliwa kwa macho wazi. Lakini iliyobaki sasa inaweza kuchunguzwa na mtu mwenye muda wa kufikiri.

Kuna sharti moja kubwa. Hesabu hiyo ni sahihi iwapo machekeche mawili yanatazama mambo tofauti. Ikiwa yote mawili yanatazama kiasi cha fedha tu, la pili litarudia makosa ya la kwanza, kama vile kuchuja unga mara mbili kwa tundu zile zile. Kwa hiyo benki iliyo makini hutafuta habari kutoka vyanzo mbalimbali: kiasi na mwendo wa fedha kutoka katika vitabu vyake, umiliki wa kampuni kutoka kwa msajili wa makampuni, na hali ya biashara kutoka kwa afisa aliyelitembelea duka lenyewe.

Funzo kutoka Estonia

Habari ya Danske Bank, benki kubwa ya Denmark, inalifafanua sharti hilo. Mwaka 2007 benki hiyo ilinunua benki ya Kifini iliyokuwa na shughuli zake Estonia. Ilikusudiwa kwamba kompyuta za Estonia ziunganishwe na mfumo mkuu wa Denmark, lakini mpango huo uliachwa kwa sababu ya gharama. Kumbukumbu nyingi zilikuwa kwa lugha ya Kiestonia na Kirusi, ambazo wakaguzi wa makao makuu hawakuzisoma. Kati ya mwaka 2007 na 2015, kiasi cha yuro bilioni 200 kilipita katika akaunti za wateja wa kigeni wa tawi hilo dogo, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa ya kutiliwa shaka.

Aliyefumbua macho hakuwa kompyuta. Alikuwa mfanyakazi mmoja wa tawi hilo, ambaye mwishoni mwa mwaka 2013 alilinganisha mambo mawili. Kampuni moja ya wateja ilikuwa imesajiliwa Uingereza, na katika hesabu ilizowasilisha huko ilijieleza kana kwamba haina shughuli yoyote. Lakini katika vitabu vya benki, kampuni hiyo hiyo ilikuwa na fedha nyingi zilizokuwa zikiingia na kutoka. Chanzo kimoja kilisema hakuna kitu, kingine kilisema kuna mamilioni. Hilo ndilo chekeche la pili, nalo halikumgharimu zaidi ya kupekua daftari la msajili lililo wazi kwa watu wote.

Mfanyakazi huyo aliwaandikia wakubwa wake. Hata hivyo ilichukua miaka mingine kabla ya akaunti hizo kufungwa, na ni katika Desemba 2022 ndipo Danske ilipokiri kosa mbele ya mahakama ya Marekani na kukubali kulipa dola bilioni 2 hivi. Kengele ilikuwa imepigwa na sikio la kuisikia halikuwapo. Hakuna programu ya kompyuta iwezayo kutibu maradhi hayo. Dawa yake ni uongozi unaomlinda mtumishi anayesema kweli.

Upande wa wasio na hatia

Tumekwisha kuona kwamba wengi wanaopigiwa kengele ni watu safi. Hatuna budi kuwatazama hao nao, maana ulinzi usiowajali hugeuka kuwa dhuluma.

Mabenki yanatakiwa kulinganisha majina ya wateja na orodha za watu waliowekewa vikwazo. Kompyuta hufanya hivyo kwa kuhesabu hatua za kugeuza jina moja kuwa jingine, kwa kubadili, kuongeza au kuondoa herufi. Kipimo hicho kimepewa jina la Vladimir Levenshtein, mwanahisabati wa Kirusi aliyekieleza mwaka 1965. Kutoka «Mohamed» hadi «Muhammad» ni hatua 3, na huenda ni jina la mtu yule yule. Lakini kutoka «Ali» hadi «Asha» nako ni hatua 3, ilhali mmoja ni mwanamume na mwingine mwanamke. Programu iliyotengenezwa na watu wasioyajua majina ya pwani yetu itawakosea wengi.

Mwandishi wa makala haya aliyaonja hayo alipokuwa akisomea shahada ya udaktari ng'ambo. Fedha za karo alizotumiwa na kaka yake zilizuiwa kwa majuma matatu na benki moja ya huko, kwa sababu jina la kaka lilifanana na jina lililokuwa katika orodha. Hakuna aliyeomba radhi, na pengine hakuna aliyekosea kwa makusudi. Kaka yake alikuwa mmoja wa wale 9,999.

Kwa wengine jambo hilo lilikuwa zito zaidi. Mwaka 2013 benki ya Barclays ya Uingereza iliamua kuzifunga akaunti za makampuni mengi ya kupeleka fedha, miongoni mwao Dahabshiil, ambayo familia nyingi za Kisomali zilizitegemea huduma zake kwa chakula na karo. Dahabshiil ilikwenda mahakamani, ikapata zuio la muda, na mapatano yakafikiwa mwaka 2014. Nchini Kenya, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa mwezi Aprili 2015, Benki Kuu ilisimamisha leseni za makampuni 13 ya kupeleka fedha, kisha ikazirudisha mwezi Juni. Fedha zinazofungiwa mlango wa mbele mara nyingi hutafuta mlango wa nyuma, mahali pasipo daftari wala mkaguzi. Hivyo benki inayowafukuza wateja wote wa aina fulani haijaipunguza hatari ile; imeihamisha tu, tena imeipeleka gizani.

Wajibu wetu

Mwezi Oktoba 2022, FATF iliiweka Tanzania katika orodha ya nchi zilizo chini ya uangalizi zaidi, iitwayo kwa kawaida orodha ya kijivu. Baada ya marekebisho ya sheria na ya utendaji, nchi iliondolewa humo mwezi Juni 2025. Kuondolewa huko si mwisho wa kazi. Mabenki na makampuni ya simu yanahitaji vijana wanaojua takwimu, wanaoweza kuandika programu zinazoyafahamu majina na biashara za watu wetu, na wanaoweza kuisoma hesabu ya kampuni na kuuliza swali lililo sahihi.

Kuna wajibu mwingine ulio karibu zaidi na mwanafunzi. Mtu anayetaka kuficha fedha anahitaji majina safi ya kuzificha. Mara nyingi humwendea kijana, akamwomba amfungulie akaunti au amsajilie laini ya simu kwa kitambulisho chake, kwa ahadi ya shilingi chache. Kijana huyo anaweza kudhani kwamba ametoa karatasi tu. Kumbe ametoa jina lake, na kengele itakapopigwa siku moja, jina litakaloonekana katika jalada ni lake yeye. Sheria haitauliza alilipwa kiasi gani.

Walimu wa hisabati wanaweza kulitumia zoezi hili darasani. Chukueni maharage meupe 990 na mekundu 10, yachanganyeni katika ungo. Wapeni wanafunzi kanuni: kila jekundu 1 kati ya 10 litakosekana, na kila jeupe 1 kati ya 100 litashukiwa. Wahesabu ni maharage mangapi yatakayoshukiwa kwa jumla, na ni mangapi kati ya hayo yaliyo mekundu kweli. Watapata karibu 19, na mekundu 9, yaani chini ya nusu. Kisha waongeze maharage meupe hadi 9,990 na kuhesabu upya. Watakapoona jinsi jibu linavyoporomoka, watakuwa wamelifahamu jambo ambalo wakurugenzi wa mabenki makubwa walichelewa kulifahamu: kumshuku kila mtu ni njia mojawapo ya kumkosa mwizi.